Mwamuzi wa Mbwa wa Kwale

Akifika nyumbani kwa mtu, alikuwa anamwamkia mbwa kwanza. Mnaweza kuwa mmekaa mlangoni watu saba, wazee kwa watoto, yeye anapita katikati yenu kama anapita kwenye migomba, anachuchumaa mbele ya mbwa na kumuuliza, "Umeamkaje? Pua inasemaje leo?" Akishaipapasa pua na kuridhika, ndipo anapoinua macho. "Kumbe na ninyi mpo."

Jina lake silitaji. Sisi wote Nyamwaga tulimwita Mwamuzi, hata mke wake alimwita Mwamuzi, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka na hukumu. Alizaliwa wapi, babu yake nani, sijui. Ukimuuliza habari za ukoo alidhani unauliza ukoo wa mbwa, na hapo ujue chakula cha mchana hukipiki tena.

Mimi nilimfahamu miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Nilitaka mbwa wangu Watasema apakwe siagi. Akaninyima. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mtu aliyenyimwa, lakini sisemi uongo.

Siagi ni hivi. Mwamuzi ujanani alifanya kazi upande wa Kenya kwa mzungu mmoja mwenye shamba, kazi yake kulea mbwa. Mbwa wenyewe hawakuwa kama wetu. Walikuwa na mabaka meupe na mekundu, masikio ya kuning'inia, na mkia mfupi kama umekatwa kwa haraka. Mwamuzi alisema asili yao ni Britani, huko Ufaransa, ambako mvua inanyesha pembeni badala ya kunyesha chini. Mzungu alipoondoka alimwachia jike mmoja mzee anaitwa Madamu. Mwamuzi akavuka naye mpaka kwa miguu, na kila mbwa mwenye mabaka unayemwona kutoka Itiryo mpaka Busawe ana damu ya Madamu, hata kama siku hizi amebaki na baka moja tu la matakoni.

Basi kila mwaka mahindi yakishavunwa, Mwamuzi aliitisha mashindano kwenye shamba la mabua kule bondeni. Unakuja na mbwa wako, unamwachia. Anatakiwa anuse kwale alipojificha, halafu asimame. Hakimbii, habweki. Anasimama kama picha, mguu mmoja juu, pua imeelekea kwenye kichaka. Mwenye mbwa unakwenda unazunguka kichaka, unapiga nyasi, kwale anaruka. Mbwa habanduki mpaka umwite. Basi. Kwale anakwenda zake.

"Na nyama?" watu waliuliza mwaka wa kwanza.

"Nyama gani?"

"Ya kwale!"

"Kwale ameruka, hukumwona?"

Watu walisikitika sana. Wakurya sisi kumfukuza mnyama halafu usile ni jambo la kumwombea mtu. Lakini walizoea, kwa sababu ya mwisho wa siku. Mbwa aliyeshinda alipakwa siagi ya maziwa katikati ya kichwa, kama tunavyombariki mtu, na Mwamuzi alisimama na kutaja ukoo wake wote kwa sauti, tangu Madamu. Mbwa wengine walikuwa wanasubiri amalize wailambe ile siagi. Kisha mwenye mbwa alikaa kwenye kigoda cha Mwamuzi mwenyewe, na watu wote, hata wazee, walipita mmoja mmoja kumpa mkono. Mimi mwanamke niliyeishia darasa la nne, niliyeolewa, nikafiwa, nikalima peke yangu, nani aliwahi kupanga foleni kunipa mkono? Nilikitaka kigoda kile kuliko bati la nyumba.

Alikuwa mrefu, mwembamba, miguu imepinda kidogo kwa nje. Alivaa koti la mvua la yule mzungu, jua kali na yeye yumo ndani yake, jasho linatiririka. Ukimwambia avue anasema, "Hili ni koti la kazi." Shingoni alining'iniza filimbi aliyokatazwa na mke wake kuipuliza ndani ya nyumba. Alipokasirika hakupiga kelele, aliipuliza. Siku moja aliipuliza kanisani, mahubiri yamezidi urefu. Mchungaji akanyamaza, na mbwa wanne waliokuwa nje wakaingia wakakaa chini mbele ya madhabahu.

Sasa mtu huyo, usicheke, alikuwa anaogopa mbwa. Si wale wa mabaka. Mbwa wa kawaida, wa kulinda boma. Akisikia anabweka, Mwamuzi anasimama mbali huko njiani ananiita, "Mama Bhoke! Mfunge huyo mhuni!" Nilimuuliza mbona anaogopa. Akasema, "Mbwa asiye na kazi, sijui anafikiria nini."

Na alipenda haki kwa mbwa, lakini nyumbani kwake haki haikufika. Mtoto akivunja kikombe, anachapwa. Mbwa akivunja kikombe, anauliza nani aliyekiweka pale. Mke wake alimwambia mbele yangu, "Mwamuzi, mimi nikifa utaolewa na Kifupi." Kifupi alikuwa binti wa Madamu. Mwamuzi akafikiri. "Kifupi ameshazeeka," akasema. Mama yule alimrushia mwiko, na sikumlaumu.

Katika kuamua hakuwa na ndugu wala rafiki. Mbwa wake mwenyewe hakuwahi kumshindanisha, alisema mtu hawezi kuwa mwamuzi na baba mzazi. Shemeji yake alileta jogoo mkubwa mwekundu usiku wa kuamkia mashindano, zawadi tu. Mwamuzi alimpokea jogoo, akamla, kesho yake akamtoa mbwa wa shemeji mapema kabisa. "Jogoo alikuwa mzuri," akamwambia mbele ya watu, "mbwa ndiye mbaya." Na neno lake kubwa lilikuwa, "Nisichokiona sikisemi." Ukimlilia, ukimtukana, ukimletea shahidi ndugu yako, anakuangalia tu. Nisichokiona sikisemi.

Halafu dhahabu ikatuingilia.

Wanaosema dhahabu ni baraka hawakuwa na shamba njiani. Walikuja watu kutoka kila upande, na sururu, na makarai, na majina ya kubuni. Waliochimba walichimba, wasiojua kuchimba walichimba vilevile. Na Mwamuzi aliyetusema wote kwa uroho, naye alichimba, nyuma ya choo chake, siku tatu, na koti lake, hamwambii mtu. Siku ya tatu sururu ilitoboa ukuta wa shimo la choo. Tulijua kabla hajatuambia. Tulijua kwa pua.

Mashindano ya mwaka ule wachimbaji walikuja kutazama. Hawajawahi kuona mbwa wa namna ile. Mmoja akauliza, "Huyo mbwa ameganda, anaonyesha nini?" Mzee mmoja wa Busawe, mtu wa masihara, akamjibu, "Kilicho chini." Kesho yake asubuhi kila kichaka alichosimama mbwa kilikuwa duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao. Mwamuzi alipuliza filimbi mpaka akakosa pumzi.

"Mbwa anasimamia ndege!" aliwaambia. "Ndege! Mwenye mabawa!"

"Sawa mzee," wakamwambia, wanakonyezana. "Ndege. Tumeelewa."

Kadiri alivyokana ndivyo walivyoamini. Wakaanza kuiba mbwa. Kuna mbwa wa Itiryo, mjinga kabisa, alikuwa anasimama kila mahali kwa sababu ya mguu mbovu. Walizunguka naye wiki nzima wanachimba alipopumzika.

Mwaka uliofuata ndio wa Watasema.

Nilimpa jina hilo kwa ajili ya majirani, maana walikuwa wameshasema mwanamke mjane na mbwa wa mashindano wapi na wapi. Kila nikimwita, nao wanajua ninaongea na nani. Alikuwa mdogo wa mwili, baka moja jicho la kushoto, na akisimama, amesimama. Nzi anatembea juu ya jicho lake hapepesi. Siku ile alisimamia kwale watatu, wote wakaruka, hakubanduka hata mara moja. Tulibaki wawili, yeye na dume mmoja wa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Dume lile lilikimbilia kwale wa tatu, likafuta kazi yake yote. Watasema alibakiwa na kichaka kimoja tu. Akisimama vizuri pale, siagi ni yake.

Akasimama kwenye nyasi ndefu kando ya kichuguu. Mguu juu.

Nyuma ya kichuguu wachimbaji walikuwa wameshajazana, sururu mabegani. Nikapiga nyasi upande wangu. Kimya. Nikapiga tena. Kimya.

Mwamuzi muda wake aliupima kwa Baba Yetu. Alikuwa anaisali polepole, na ikifika amina ndege hajaruka, mbwa amesimama bure, ametoka. Alianza. Baba Yetu uliye mbinguni. Yule ndugu yetu wa ng'ambo akapaza sauti, "Wacha wee! Hiyo mbwa imekwama kama lori! Mama, sukuma hiyo!" Watu wakaangua kicheko. Wachimbaji wakasogea. Utupe leo mkate wetu. "Mama, toa mbwa tufanye kazi!" Watasema hata hajui kama tupo. Mimi uso unawaka. Mwamuzi yuko kwenye makosa yetu, bado majaribu, bado ufalme. Nikaona bora nijiondoe mwenyewe kuliko kuondolewa. Nikamshika Watasema shingoni, nikamvuta. Alikuwa mgumu kama mti. Nilimburuta, macho yake bado kichakani.

"Amina," akasema Mwamuzi. "Amesimama bure."

Nilikuwa sijageuka vizuri wachimbaji wakavamia. Na aliyetangulia ni nani? Mkwe wangu, mume wa binti yangu Bhoke, hata mwaka hawajamaliza! Naye akaniona. Sasa kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani uso kwa uso, ni aibu kubwa; ujumbe unapita kwa mke wake, au anasemea nje ya ukuta. Kijana akakutana na mimi pua kwa pua, kashika sururu. Alijitupa nyuma ya kichaka tumbo chini kama amepigwa risasi, akabaki amelala huko mpaka nilipoondoka. Nilisema moyoni, angalau ana adabu. Walichimba pale urefu wa watu wawili. Walipata maji.

Siku ile siagi hakupakwa mbwa yeyote. Mimi sikulala.

Nilimpeleka Mwamuzi kwenye ritongo. Ndiyo, kikao cha wazee cha kuamua ng'ombe walioibwa na mipaka ya mashamba, mimi nilipeleka mbwa. Mwenyekiti akaniuliza, "Mbwa ameua kuku wa nani?"

"Hajaua."

"Ameuma mtu?"

"Hapana."

"Sasa kosa lake nini?"

"Hana kosa. Ameonewa."

Wazee walicheka mpaka mmoja akatolewa nje kukohoa. Lakini wakasikiliza. Mwamuzi akasimama na koti lake. "Mama Bhoke, wewe uliona ndege?"

"Watasema alimwona."

"Nimekuuliza wewe."

"Sikuona."

"Na mimi sikuona." Akawageukia wazee. "Akija mtu aliyeona, na asiwe wa nyumba yake, nitaifungua hukumu yangu. Hata kama nimeshakuwa mzee wa kubebwa."

Basi. Mashindano yenyewe yalikufa baada ya hapo, maana bonde lilikuwa mashimo matupu, mbwa wawili wakatumbukia. Watasema alizaa mara tatu, akazeeka, akafa chini ya ghala langu. Wachimbaji wakahamia kwingine wakatuachia mashimo na watoto. Mwamuzi alipita kwangu mara kwa mara, akamwamkia Watasema kwa heshima zote, na alipokufa alikuja kumzika, akashika jembe mwenyewe. Lakini siagi? Nilipomtazama alijua ninachouliza. "Nisichokiona, Mama Bhoke," akasema, akafukia.

Miaka ikapita. Mkwe wangu akaokoka. Wokovu wake ulikuwa na vurugu, alizunguka kijiji kizima kuungama, kwamba huyu alimwibia ndizi, yule alimsingizia. Asubuhi moja niko jikoni napepeta mtama, nikasikia mtu anakohoa nje ya ukuta.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Bhoke yuko wapi?"

"Yupo nyumbani. Hili siwezi kulipitisha kwa Bhoke. Mama, ni kuhusu yule mbwa."

Ungo ulinidondoka.

"Siku ile nilipojificha usinione," akasema, "nilimwangukia kwale. Alikuwa amelala juu ya mayai, upande wa pili wa nyasi. Hakuruka, alijibana tu. Nikamtia ndani ya shati."

"Ukamfanya nini?"

"Nilikuwa na njaa, mama."

"Na mayai?"

Akakohoa tena. "Na mayai."

"Miaka yote hii! Unanyamaza!"

"Ningesemaje? Wewe ni mama mkwe wangu!"

Sikumaliza mtama. Tulikwenda kwa Mwamuzi saa ileile, mimi njiani, yeye kwenye migomba sambamba na mimi ili tusionane, kila mara anajikwaa. Tulimkuta Mwamuzi amekaa uani kwenye kigoda, koti limekuwa kubwa kuliko yeye, macho yamefunga ukungu. Nikamweleza. Akamwita mkwe wangu mbele, naye akaja akasimama amenipa mgongo, akaapa akitazama banda la mbuzi.

"Huyu ni wa nyumba yako?" Mwamuzi akaniuliza.

"Ni mkwe."

"Mkwe ni wa kwao. Anafaa." Akamgeukia. "Mura, we kijana, mayai mangapi?"

"Matano."

"Rangi?"

"Kama chai ya maziwa mengi."

"Ulipoyashika?"

"Yalikuwa ya moto."

"Ulipoyapika, yalikuwaje ndani?"

Mkwe wangu akainamisha kichwa. "Yalikuwa yameshaanza kuwa vifaranga, mzee. Nilikula hivyohivyo."

Mke wa Mwamuzi alisonya huko jikoni. Mwamuzi akahesabu kwa vidole, moja mpaka tano.

"Jike akiatamia," akasema taratibu, "anakuwa hana harufu. Mungu anamwondolea, asiliwe. Mzungu wangu alikuwa na mbwa kumi na mmoja, wote walimpita kwale wa namna hiyo wakamkanyaga. Huyu alimnusa. Huyu kadogo ka kwako." Akatafuta fimbo. "Niinueni."

Tulimwinua. Alivuta koti, akaitafuta filimbi shingoni, akaipuliza kwa nguvu iliyobaki, watu wakatoka majumbani kuona kuna nini. Akaanza kutaja ukoo, kichwa juu, ile sauti ya zamani. Madamu akamzaa Kifupi. Kifupi akamzaa Mpakani. Mpakani akamzaa Bibi Harusi. Hakukosea hata mmoja, na watoto wa siku hizi wamesimama wanashangaa babu anahubiri nini. "Na Bibi Harusi," akasema, "akamzaa Watasema, mbwa bora niliyewahi kumwamua, na mimi nilimkosea mbele ya watu." Mke wake alikuwa ameshatoka na siagi kiganjani, hajaambiwa. Akaangalia huku na huku ampake nani. Mwisho akaipaka juu ya udongo pale uani, akafuta mkono kwenye kanga.

Basi nikajua zamu yangu imefika. Nikajipangusa pumba za mtama, nikanyoosha kitenge, nikakiendea kigoda.

"Unakwenda wapi?" Mwamuzi akauliza. Haoni mlima, lakini mimi aliniona.

"Kukaa."

"Wewe hapana."

"Mzee! Si umesema mwenyewe?"

"Nimesema mbwa. Mbwa alikuwa na ndege mbele yake, na alijua. Wewe ulipiga nyasi upande mmoja, hukuzunguka kichaka. Watu wakakucheka, ukamvuta. Amina sijaisema bado, ulishamvuta." Akahema. "Yeye aliamini pua yake. Wewe hukumwamini."

Nilifungua mdomo nimjibu. Ninajua kujibu, waulize Nyamwaga nzima. Lakini chozi lilikuwa linamshuka Mwamuzi, linapotelea kwenye kola ya lile koti, na mtu anayemlilia mbwa wangu sikuweza kumpokonya kigoda. Nikamshika mkono nikamkalisha mwenyewe. Kisha nikarudi nyuma, nikapanga foleni pamoja na wale watoto, na zamu yangu ilipofika nikampa mkono.